Uji wa wagonjwa hospitali ya serikali: vipimo, kibali, na wodi za kuwa macho nazo

Mama_Tororo
Bwana asifiwe wapendwa. Kundi letu la wanawake wa Methodisti hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, limekubaliana kwamba kila Alhamisi asubuhi tupeleke uji hospitali ya serikali. Mnajua hali ilivyo: chakula cha mgonjwa huletwa na jamaa zake, na aliyetoka mbali kijijini anaweza kushinda na njaa, yeye na anayemuuguza. "Nalikuwa na njaa, mkanipa chakula; nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama" hatutaki ibaki ya kusomwa kanisani tu.

Tunakadiria watu 100, wagonjwa na wauguzaji wao pamoja. Tunaomba mtuelekeze: unga kiasi gani, sukari kiasi gani, uji ubebwe vipi usipoe, na ni nani tusimpe. Wengine kwetu wanapendekeza tuchanganye soya, wengine wimbi na muhogo.

JikoKubwa
Amina mama. Nianze na sufuria, kwa sababu mengi huharibikia hapo. Watu 100 kwa kikombe cha nusu lita ni lita 50. Sufuria ya lita 50 haitoshi, uji ukichemka hupanda. Chukueni mbili, kubwa ya kupikia lita 40 na ndogo ya kupikia lita 10, na kila moja ibaki na nafasi juu. Hiyo ndogo ya lita 10 haitiwi sukari kabisa, na nadhani wa wodini watakueleza kwa nini.

Unga wa mahindi kilo 6, maji lita 50. Mvuke utachukua lita tatu au nne, na unga wenyewe utarudisha karibu kiasi hicho hicho. Sukari gramu 40 kwa lita, yaani kilo 1.6 kwa lita zile 40. Chumvi kijiko kimoja cha chai kwa sufuria kubwa, isizidi.

Mabonge: gawanyeni unga kwa uwiano wa sufuria, mkoroge na maji baridi kwanza, lita 2 kwa kila kilo 1 ya unga, mpaka ulainike kama maziwa. Hayo maji hutolewa kwenye zile lita 50, kwa hiyo yatakayochemshwa ni lita 38. Yakitokota, mmoja anamimina taratibu na mwingine anakoroga bila kusimama. Unga mkavu ukitupwa kwenye maji ya moto, sehemu ya nje ya bonge inaiva na kufunga, ndani unabaki unga mbichi. Mtu mzima mwenye afya analitema. Mgonjwa mwenye vidonda mdomoni au kifua kibovu linamkaba.

Uji ukirudi kuchemka, punguzeni moto na hesabuni dakika 30. Baada ya dakika kumi utaonekana mzito na wengi huuepua hapo, lakini haujaiva. Onjeni, ladha ya unga mbichi bado ipo, na ndio unaojaza tumbo gesi. Sukari iingie mwishoni, kwa sababu ikitiwa mapema inashika chini na kuungua. Ukiungua, msikwangue. Hamishieni wa juu kwenye sufuria nyingine na wa chini muuache, la sivyo lita zote zitanuka moshi.

Uji huzidi kuwa mzito unavyopoa. Uondoke nyumbani ukiwa mwepesi kidogo, na mbebe lita 5 za maji yaliyochemshwa kwenye chupa za chai za kulegeza. Msitumie maji ya bomba la hospitali.

Kubeba: mfuniko ufungwe kwa kamba, sufuria izungushiwe blanketi zito, iwekwe kwenye gari. Boda boda hapana hata kwa safari ya dakika tano, sababu uji wa moto hung'ang'ania ngozi na kuunguza vibaya kuliko maji. Jerikeni pia hapana. Plastiki inalegea, na ndani hamwezi kusugua, kwa hiyo uji wa wiki iliyopita unachacha kwenye pembe. Wala hakuna anayejua jerikeni ilibeba nini kabla.

Saa kumi na moja alfajiri moto uwe umewaka, saa moja asubuhi mnaondoka, saa mbili na nusu kila mtu awe amekunywa. Madaktari wakianza mzunguko wa wodi mtakuwa mnawazuia. Kikombe kikitoka bila kufuka mvuke, huo uji unywewe pale pale au umwagwe. Haurudi nyumbani kupashwa kesho.

Nesi_wa_Mashariki
JikoKubwa amemaliza upande wa jiko. Upande wa wodi naomba uzito uleule, maana uji huu huu unaweza kumdhuru mtu. Sisi Wamethodisti tunazo kanuni za Wesley, mwanzilishi wetu, za mwaka 1743: ya kwanza ni kutodhuru, ndipo inafuata kutenda mema. Hospitalini mpangilio huo haugeuzwi.

Kila Alhamisi, kabla kikombe cha kwanza hakijamiminwa, mmoja wenu aende kwa inchaji (nesi msimamizi) wa kila wodi amuulize vitanda gani visipewe. Si mara moja kwa mwezi, ni kila mara, kwa sababu wagonjwa wa wiki hii sio wa wiki iliyopita. Aandike namba za vitanda kwenye karatasi. Msimuulize mgonjwa mwenyewe. Mwenye njaa atasema anaruhusiwa, tena bila nia mbaya. Huenda alielezwa kwa lugha asiyoielewa vizuri.

Wodi ya upasuaji ndiyo ya hatari zaidi. Uji unahesabiwa kuwa chakula, na mtu anayepelekwa tieta (chumba cha upasuaji) huacha chakula angalau saa sita kabla. Akinywa saa moja na nusu asubuhi halafu akalazwa usingizi saa tatu, anaweza kutapika akiwa hajitambui na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Wakigundua mapema wataahirisha, naye atasubiri zamu nyingine inayoweza kuwa mbali.

Wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali: msiingie na kikombe. Watoto wale wana maziwa maalumu, F-75 halafu F-100, yanayopimwa kwa uzito wa mtoto na kutolewa kwa saa. Mwili uliokauka kwa njaa haubebi chakula kingi kwa ghafla. Chumvi za damu zinavurugika na moyo unaweza kushindwa. Kosa linalojirudia ni kumpa mama uji akiwa kando ya kitanda, naye, mama ni mama, anamlisha mtoto kijiko kimoja kimoja. Kwa hiyo akina mama hao waiteni nje wanywee kwenye baraza, kwa zamu, huku mwenzake akimwangalia mtoto.

Mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata bibi yake akisisitiza.

Mwenye kisukari: ndiyo maana ya ile sufuria isiyo na sukari. Lakini mjue kwamba uji usio na sukari bado ni wanga. Apewe nusu kikombe, na nesi ajue, hasa kama anachomwa sindano ya insulini.

Mwenye kiharusi, aliyesinzia, aliyelegea, asipewe na ninyi kabisa. Uji utapita njia ya hewa. Anayeruhusiwa lakini hana nguvu aketishwe wima, kidevu kishuke kidogo, kijiko cha chai badala ya kikombe, na asubiriwe ameze kabla ya kijiko kingine. Akikohoa mara moja, simamisheni mkamwite nesi.

Wodi ya uzazi ndiko mtakakohitajika kuliko kote. Aliyejifungua kawaida anywe ashibe. Wa upasuaji asubiri neno la mkunga. Na wagonjwa wa kifua kikuu msiwaruke kwa woga: wanameza vidonge vingi na tumbo tupu huwatapisha. Wapelekeeni nje kwenye hewa, wakinge kwa vikombe vyao wenyewe.

Mama_Tororo
Mungu awabariki, hili la akina mama wa utapiamlo kunywea nje hatungelifikiria. Vikombe tununue mia? Na soya mbona hamjaigusa?

Shamba_na_Kinu
Vikombe mia ni mzigo wa kuosha. Wagonjwa wengi wana vikombe vyao, ninyi bebeni 20 vya akiba. Vioshwe kwa sabuni, vilowekwe dakika kumi kwenye maji ya Jik (dawa ya klorini), mililita 300 kwa ndoo ya lita 20 (kwa Jik ya asilimia 3.5), kisha visuuzwe kwa maji yaliyochemshwa. Msimwagie uji kwenye kikombe kichafu cha mgonjwa. Jerikeni moja ya maji ya kuoshea, yenye bomba dogo, itangulie mbele ya sufuria.

Soya ni nzuri, inaongeza protini, ila lazima ikaangwe kabla ya kusagwa. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kuyeyusha protini, na kwa mgonjwa inaleta kuhara. Kaangeni mpaka ganda lipasuke na ile harufu ya maharage mabichi iishe, sio mpaka iwe nyeusi. Sehemu 4 za mahindi kwa 1 ya soya. Kwa kilo zenu 6 ni mahindi kilo 4.8 na soya kilo 1.2. Soya haifanyi uji kuwa mzito kama mahindi, kwa hiyo msishangae ukiwa mwepesi, na inatoa povu, mwiko usitoke mkononi dakika tano za kwanza.

Msinunue unga wa soya sokoni usiomjua aliyeukaanga. Nunueni punje.

Wimbi linapendwa, lakini la sokoni huwa na mchanga: lipepeteni, lioshwe, likaushwe juani kwenye turubai, ndipo kinuni. Muhogo ningeuacha kwa chakula cha wagonjwa. Kuna muhogo mchungu ambao usipovundikwa na kukaushwa sawasawa unabaki na sumu, na unga ukishasagwa huwezi kuujua kwa macho. Karanga pia, ziangaliwe moja moja. Iliyosinyaa au yenye ukungu itupwe, maana sumu ya ukungu haiondoki kwa kuchemshwa.

Sasa hesabu ya mwaka, kwa sababu huduma nyingi za namna hii hufa mwezi wa tano. Kilo 6 mara wiki 52 ni kilo 312, yaani magunia sita ya kilo 50 na kilo 12 juu. Sukari ni kama kilo 83. Huku kwetu mahindi hupanda bei Aprili hadi Juni kabla ya mavuno, na hapo ndipo michango ya Jumapili inashindwa. Nunueni mahindi baada ya mavuno, Julai na Agosti, tena Januari, myahifadhi yakiwa punje kavu juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Sageni ya wiki tatu tu kwa wakati. Unga wa dona una mafuta ya kiini na hugeuka uchungu mapema. Namba moja, ule mweupe uliokobolewa, hudumu zaidi lakini umepoteza lishe. Kwa wagonjwa mimi nachagua dona linalosagwa mara kwa mara.

Katibu_Sakiti
Kibali hakijaguswa. Barua iandikwe kwa mkuu wa hospitali, nakala kwa mkuu wa manesi, isainiwe na mchungaji wa sakiti (makanisa yaliyo chini ya mchungaji mmoja) na mwenyekiti wa kundi. Itaje siku, saa, idadi ya watakaoingia (nane wanatosha: wawili wa sufuria, wanne wa kugawa wawili wawili, mmoja wa kuosha, mmoja wa karatasi ya vitanda), na viungo vyote vya uji. Hospitali ikijua kilichomo, uji hautasingiziwa kila tumbo linalouma wodini. Kila Alhamisi wekeni kikombe kimoja kilichofunikwa kwenye friji mpaka kesho yake, ili likitokea tatizo kipimwe.

Mwanamke mwenye kuhara, homa au kikohozi asipike wala asigawe wiki hiyo. Watoto wasije. Ukitangazwa mlipuko, kama Ebola ya Mubende mwaka 2022 au ya Kampala mwanzoni mwa 2025, simamisheni siku hiyo hiyo bila kusubiri kuambiwa, mkaulize hospitali kama mnaweza kutoa unga na sukari bila kuingia.

Picha za wagonjwa hapana, hata kwa ripoti ya sinodi. Pigeni picha sufuria. Maombi ni kwa anayeyataka, na yaje baada ya uji; mtu ambaye kikombe chake bado kiko mkononi mwako hayuko huru kukukatalia.

Mama_Tororo
Amina, barua tunaandika Jumapili hii. La mwisho: mgonjwa asiye na mtu kabisa wa kumuuguza, kikombe kimoja kwa wiki kinamsaidia nini?

Nesi_wa_Mashariki
Kidogo, mama, na ndiyo sababu huyo mumtenge kwenye karatasi. Muulize inchaji: "Nani hana mtu?" Huwa ni wawili watatu kwa wodi. Hao wagawiwe wanachama kwa majina, mmoja awe na zamu ya Jumamosi na mwingine Jumatatu, wapeleke chakula cha nyumbani baada ya kuuliza nesi anakula nini. Mche mmoja wa sabuni ukatwe kwa uzi vipande vitano, kila mmoja apate kipande, na nguo zake mzifue mle mle hospitalini, msizibebe nyumbani. Mkimkuta hajanywa uji wa Alhamisi, ulizeni kwanza kama anaweza kuinua mkono. Mara nyingi kikombe kimewekwa mezani mbali naye, na manesi wawili kwa wodi nzima hawajapata nafasi ya kukisogeza.