Maonyesho ya maadhimisho yanaangamiza mabango ya tamasha lenyewe!

Wadau, hili halivumiliki. Tamasha la sanaa la majira ya joto likitimiza miaka 50 au 75, mabango yake ya asili yanatolewa kabatini, yanatundikwa chini ya taa kali miezi mitatu, kisha yanarudishwa yamepauka. Halafu tunaambiwa historia imeenziwa!

Hesabu ni rahisi. Karatasi na mavazi ya jukwaani huwekewa luksi 50 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Kwa saa 8 kila siku, siku 90 zinafikisha luksi-saa 36,000, yaani luksi mara saa za kuwashwa. Ukiwasha luksi 500, mwanga wa ofisini, unamaliza kiasi hicho kwa siku 9, na siku 81 zilizobaki ni uharibifu mtupu. Michoro ya jukwaa ya kalamu za wino wa rangi ni dhaifu zaidi: mgao wake wa mwanga ni luksi-saa 15,000 kwa mwaka mzima, yaani chini ya luksi hizo 500 siku ya 4 umekwisha. Rangi iliyopauka hairudi hata ukifungia bango gizani miaka mia.

Msitujibu kwamba kuna kioo. Kioo cha kawaida hakizuii miali yote ya urujuanimno (UV, isiyoonekana kwa macho), na hata ikizuiwa yote, mwanga tunaouona nao unapausha. Tena kioo kikigusa karatasi, unyevu unainatisha. Acheni nafasi ya milimita 3 hadi 5. Selotepu nyuma ya bango ni dhambi nyingine, gundi yake inapenya na kuacha doa la kahawia. Kuziba michaniko kuna karatasi ya Kijapani, nyembamba na imara, na gundi ya wanga wa ngano, tumieni hizo!

Kinachochukiza kuliko yote ni kanda za sauti za asili kuchezwa mfululizo ukumbini. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980, gundi inayoshikilia unga wa sumaku uliobeba sauti imenyonya unyevu. Zikipita kwenye mashine zinanata na unga huo unabanduka. Hukaushwa kwanza kwa nyuzi 50 hivi za Selsiasi, saa kadhaa, kisha hunakiliwa kidijitali. Kanda za asetati (aina ya plastiki ya zamani) zisiguswe na joto hilo kabisa. Wageni wasikilize nakala.

Mabango nayo yachapiwe nakala, ya asili yapokezane zamu. Na luksi zipimwe mbele ya kila bango, si katikati ya chumba, vipimo vibandikwe mlangoni tuvione.