Tupeane uzoefu: bibi Mmormoni wa shamba, ukoo wenu unamkumbukaje?

Mke wa Sanpete

Habari za leo wakuu. Uzi huu naufungua nikitoka msibani, kwa hiyo mnivumilie ukirefuka.

Mimi ni Mchaga wa Marangu, Mlutheri wa kuzaliwa, nimeolewa Utah, Marekani. Ukoo wa mume wangu ni wakulima wa kaunti ya Sanpete, katikati ya jimbo: majani ya mifugo, kondoo, bata mzinga. Wazee wao walitoka Denmark karne ya 19 wakiwafuata Wamormoni wenzao (waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho), wakapewa bonde kavu lile wakae, na wamekaa. Mwezi wa pili amefariki bibi yao mzaa baba, miaka 94. Alilea watoto saba. Wa nane alimzika akiwa na siku nne.

Kwenye mazishi yao husomwa maisha ya marehemu. Na sisi tunasoma wasifu, sikatai, lakini wetu ni "alizaliwa, akapata kipaimara, ameacha watoto na wajukuu", mchungaji huku anaangalia saa. Hawa wanauandika kwa siku kadhaa, wanabishana, wanafuta, wanapigiana simu usiku. Tukakusanyika jikoni kwake. Kwa kuwa mimi mgeni na sina upande, nikapewa daftari zake ninakili. Daftari 41. Wamormoni wanahimizwa kuandika kumbukumbu za kila siku, na bibi alikuwa mtiifu.

Msitegemee mambo mazito humo. Mstari wa kawaida uko hivi: "Jumanne. Baridi. Pichi chupa 52. Zamu ya maji saa 8 usiku, hayakufika hadi saa 9. Mdogo ana homa."

Hiyo zamu ya maji ndiyo ilinifanya nimpende bibi yule. Sanpete mvua ni ya kuhesabu, wanategemea theluji ya milimani inayoyeyuka na kushuka kwenye mifereji, na kila shamba lina saa zake. Zamu yako ikiangukia usiku wa manane, unaamka. Mume akiwa machungani na kondoo, anayeamka ni mke. Anavaa gambuti, anabeba beleshi na turubai lililofungwa kwenye mti, analaza ule mti juu ya mfereji, turubai linazama na kuziba, maji yanapanda na kugeukia shambani kwake. Nilipomweleza kuwa kwetu Kilimanjaro tuna mfongo, mfereji wetu wa maji, na watu wanatoana ngeu kwa sababu ya zamu, akaniuliza swali moja tu: "Na kwenu nani anaiba, wa juu au wa chini?" Nikamwambia wa juu. Akacheka mpaka akatoa miwani.

Sasa ugomvi. Shangazi mkubwa alishaandika sentensi yake ya kwanza: "Mama hakuwahi kulalamika." Mimi huku nanakili daftari la 1963, neno "nimechoka" limetokea mara kumi na moja. Kuna siku ya Agosti imeandikwa hivi, natafsiri neno kwa neno: "Nimechoka. Askofu kaja kuomba nifundishe watoto Jumapili. Nimekubali. Nimechoka." (Askofu kwao si mtu wa kanzu. Ni jirani yako, wa bibi alikuwa fundi umeme, anahudumu miaka kadhaa bila mshahara kisha anapewa mwingine.)

Nikamwonyesha baba mkwe. Akamwonyesha dada yake. Shangazi akasema daftari ni la faragha. Baba mkwe akasema mama aliandika ili lisomwe, vinginevyo angelichoma, na jiko la kuni lilikuwa pale pale. Siku mbili hawakusemeshana.

Siku ya mazishi shangazi akasimama kusoma. Kafika kwenye ile sentensi, kanyamaza, kageuza karatasi, kasoma ile ya Agosti. Vile vikongwe vya safu ya tatu, wenzake bibi wa chama cha akina mama cha kanisa, vikaangua kicheko kanisani. Kicheko cha watu wanaojua.

Baada ya hapo makaburini, dua fupi, kisha chakula. Akina mama wa kanisa ndio wanaowalisha wafiwa, kwa hilo siwadai. Viazi vimeparuzwa, vimeokwa na jibini na maziwa mgando, juu wamenyunyizia konflekisi. Wenyewe wanaviita viazi vya msiba. Ila wakuu, msiba bila chai! Chai na kahawa ni marufuku kwao, msingi wake ni ufunuo wa 1833. Saa 9 alasiri kila mtu kashika njia. Hakuna mkeka, hakuna kulala, hakuna matanga. Nilikaa kwenye gari nikalia peke yangu, nusu kwa bibi, nusu kwa kikombe cha chai.

Haya, mwenye bibi, mama mkwe au jirani wa aina hii ashuke. Wenzake wanamsema vipi, na wewe ulimjua yupi?

Mluhya wa Logan

Pole sana dada. Mimi nilisoma Logan, kaskazini huko kwa Utah, bonde la ng'ombe wa maziwa. Nilikodi chumba kwa ajuza mmoja mjane, shamba kidogo nje ya mji.

Jumapili ya kwanza nikaamka na njaa. Jikoni kimya. Saa nne, kimya. Nikajiambia huyu mama ni mchoyo wa kuandikwa gazetini. Kumbe kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wanafunga milo miwili, na pesa ya ile milo wanatoa kwa maskini. Hakunieleza kwa sababu alidhani dunia nzima yajua. Jioni akapika kama harusi.

Majani ya chai nilikuwa nayaficha ndani ya soksi. Mluhya bila chai ni mgonjwa. Nikawa nachemsha usiku, dirisha wazi, theluji yaingia. Wiki ya tatu nikapata sufuria mpya juu ya kitanda changu, na kikaratasi: "Hii ni yako. Usitumie zangu." Hatukuizungumzia hiyo stori hata siku moja. Yeye mwenyewe alikunywa kitu cha pumba za ngano zilizokaangwa pamoja na molasi. Nilionja. Tuendelee.

Alipokufa nilikuwa nimesharudi Kenya, nikafuatilia mazishi kwa simu. Watoto wakasema alikuwa "mama wa imani kubwa". Kweli. Lakini mimi namkumbuka kwa jinsi alivyonihoji kuhusu ukoo wangu kama polisi. Baba ya baba yako nani? Na mama yake? Mama yake mama yake? Kwa wanaume nilifika vizazi vitano bila shida, Waluhya tunajua. Kwa wanawake nikakwama cha pili. Akaweka kalamu chini akanitazama tu. Sijawahi kuaibika vile mbele ya mhadhiri yeyote.

Mtazamaji

Story nzuri, ila tusipambe sana. Si ndio hawa wa wake wengi? Na si ndio waliokataa watu weusi? Mleta uzi bibi alikupokeaje? Sema ukweli.

Mke wa Sanpete

Mtazamaji, umeuliza vizuri.

Wake wengi: kanisa lao lilitangaza kuacha mwaka 1890. Wanaoendelea leo ni vikundi vilivyojitenga. Lakini ukweli ni kuwa bibi wa bibi alikuwa mke wa pili, na kwenye ukoo anatajwa haraka haraka kama mtu anayevuka barabara. Hilo halikuingia kwenye wasifu.

Weusi: hadi Juni 1978 mwanamume mweusi hakupewa ukuhani, na mweusi, awe mume au mke, hakupata ibada za hekaluni zinazounganisha familia. Kuna mama anaitwa Jane Manning James, mweusi huru kutoka Connecticut, alifika bonde la Salt Lake mwaka ule ule wa 1847 na waanzilishi wenyewe. Akaomba hekalu miaka na miaka. Mwaka 1894 walichomfanyia ni kumuunganisha na familia ya Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa lao, kama mtumishi, tena mtu mwingine akasimama badala yake kwa sababu yeye haruhusiwi kuingia. Alikufa 1908.

Kwa hiyo nilipopewa daftari, la 1978 ndilo nililolitafuta kwanza. Naungama. Siku habari ilipotangazwa ameandika: "Majani yamekatwa yote. Redioni wanasema wanaume wote wanaostahili sasa wapewe ukuhani. Mvua bado." Basi. Nikafungua kesho yake, kesho kutwa, wiki nzima. Majani, mvua, chupa.

Kunipokea: hakupenda, kwa sababu mjukuu wake hakuoa hekaluni, na kwao ndoa ya nje ya hekalu inaishia kaburini. Alinitamkia hivyo hivyo, macho kwa macho. Kisha akaniomba kipande cha kitenge alicholeta mama yangu. Miezi mitano baadaye nikaletewa blanketi la viraka alilolishona kwa mkono na wenzake, wamelizunguka kwenye fremu wanashona wanasengenya. Kitenge amekiweka upande wa nyuma. Eti rangi zina kelele.

Mama Nyarugusu

Sisi ni Wakongo, tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tukaletwa Salt Lake City. Bibi mmoja wa mashambani alikuwa anakuja na gari lake bovu kutuletea vitu. Blanketi, sawa. Unga, sawa. Siku moja kaleta jeli ya kijani inatikisika, na ndani kuna karoti. Wanangu wakakimbia nje. Baadaye nikaambiwa bunge la Utah mwaka 2001 lilipitisha kabisa kuwa ile jeli ndiyo kitafunwa rasmi cha jimbo. Nikaheshimu. Lakini sikula.

Yeye tuliambiwa amefariki baada ya mwezi mzima. Hatukuzika. Hilo bado linaniuma, kwa sababu kwetu aliyekulisha unamzika.

Mjukuu wa Susu

Wote mnaongea juu ya wazungu, na mimi susu yangu (bibi, kwa Kikamba) alikuwa Mmormoni wa Ukambani, Makueni. Kanisa lilisajiliwa Kenya 1991, yeye akabatizwa miaka michache baadaye, mjane, mbuzi kumi na mbili, kisima cha mkono kilomita tatu.

Mambo ya kuweka akiba ya chakula hakufundishwa na mtu. Mkamba aliyeona njaa atafundishwa nini? Walipokuja na somo la kuhifadhi nafaka akawaonyesha ghala lake, akawauliza wao wanafanyaje na fukusi. Wakaandika majibu yake.

Alichotaka sana ni hekalu. Wakati huo la karibu lilikuwa Johannesburg, na nauli yake ni mbuzi wote na mwenye mbuzi. Hakwenda. Hekalu la Nairobi lilipowekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025, susu alikuwa na miaka sita kaburini. Mama na mimi tukaenda kwa niaba yake, babu naye, marehemu, akabatiziwa na mtu kwa niaba yake, kisha waunganishwe kama mume na mke.

Mjomba akaitisha kikao. Hoja yake: mbuzi wa ntheo, wa kufunga ndoa ya Kikamba, walitolewa, wazee waliwala, mashahidi wawili bado hai. Ndoa ilishafungwa. Mnaifunga tena, kwani ilikuwa imefunguka? Hakuna aliyemjibu. Mpaka leo akitupigia simu lazima aulize kama susu na babu "wamefika".

Mluhya wa Logan

Mjomba apewe kiti 😂

Mleta uzi, swali. Ile stoo ya bibi iliishaje? Maana wa kwangu aliacha chakula cha kulisha kijiji.

Mke wa Sanpete

Hapo umegusa vita ya pili. Chini ya nyumba kuna chumba kizima, rafu ukuta hadi ukuta. Pichi, maharage, nyanya, nyama ya kulungu, kila kifuniko kimeandikwa mwaka. Na ngano, madebe kwa madebe. Hii ngano kwao ina historia: mwaka 1876 Brigham Young, kiongozi wa kanisa wakati huo, aliwakabidhi wanawake, si wanaume, kazi ya kuweka akiba ya nafaka, na mwaka 1918, wakati wa vita, akina mama hao waliiuzia serikali ya Marekani zaidi ya busheli 200,000. Mpaka leo nembo ya chama chao ina masuke ya ngano. Kwa hiyo kumwambia shangazi "tutupe" ni kama kumwambia Mchaga aung'oe mgomba wa babu.

Debe moja lilikuwa la 1974. Mume wangu akasema tuwape kuku. Shangazi akasaga kidogo, akaoka mkate, akatulisha sote kwa lazima. Ulikuwa mkate wa kawaida. Kuku walipata zilizobaki.

La mwisho kisha nikalale. Mawe ya makaburi ya kule, upande wa nyuma huandikwa majina ya watoto wote. Yule wa siku nne yumo, katikati ya wenzake, herufi saizi ile ile. Kwenye daftari siku aliyokufa kuna jina lake, uzito wake, na neno moja: "Theluji."

Mluhya, lile swali lako la mama yake mama limenikaa. Jana nimempigia mama Marangu, kwake ilikuwa saa 9 usiku, sikuangalia. Kapokea anahema: "Nani amefariki?" Nikamwambia hakuna, nataka jina la bibi yake mzaa mama. Kanyamaza, kanitukana kidogo, akanitajia. Nimeliandika nyuma ya risiti ya duka. Kesho natafuta daftari.