Askari wangu wa risasi wanaota unga mweupe. Kabati la MDF au la mninga?

Mkonge Mwitu (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Nipo Tanga. Nakusanya askari wadogo wa kuchezea wa zamani, wale wa madini ya risasi waliotengenezwa London na William Britain, kampuni iliyoanza kutengeneza askari wenye uwazi ndani mwaka 1893. Marehemu mzee wangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Mashamba yalipotaifishwa 1967, meneja akafungasha virago na kumwachia kisanduku chekundu cha askari wa Keya, yaani King's African Rifles, lile jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki: tarabushi nyekundu, sare za kaki, bunduki begani. Mimi nimeongeza wapanda farasi wa Kihindi na walinzi wa kasri wenye kofia za manyoya ya dubu, ananinunulia binamu yangu aliyeko Leicester.

Tatizo ni kwamba miguuni na chini ya vitako wameanza kuota unga mweupe. Nimekuwa nikiusugua kwa msasa laini unatoka, baada ya muda unarudi. Nataka niwapake rangi upya, kisha niwapange kwenye kabati sebuleni wageni wawaone, maana hii ni historia yetu na hakuna anayeijali. Fundi anasema MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshikizwa kwa gundi, jirani anasema mninga. Kipi bora? Wa Keya ninao 7 na wote wameanza kuharibika. Naombeni ushauri, kejeli hapana.

Kijana wa Ngamiani
Mninga mkuu, usifikirie mara mbili. MDF ikiloa imekwisha. Bi mkubwa alinunua kabati la TV la MDF, mvua za masika zikaingia ndani, mlango ukaumuka kama andazi. Fundi kazima simu mpaka leo.

Mama Wawili
Jamani mtu mzima anaagiza wanasesere kutoka Uingereza! Hiyo hela ungenunua hata kiwanja Pongwe kaka yangu. Sikukejeli, nakwambia kama dada yako. Wanaume wa siku hizi kipaumbele hamjui.

Bwana Tarabushi
Mleta mada, weka msasa chini kwanza. Huo unga ni risasi yenyewe inavyooza. Mvuke wa asidi, hasa ile asidi iliyomo kwenye siki, unaungana na unyevu na hewa ya ukaa, risasi inageuka unga. Asidi hiyo inatoka kwenye mbao na gundi za mbao. Mwaloni ndio unaosifika kwa ubaya, na MDF nayo ni adui mkubwa. Ukiwafungia humo kwa unyevu wa Tanga, utafungua siku moja ukute majivu.

Tafuta fundi wa aluminiamu na vioo, wale wanaotengeneza shokesi za maduka ya simu. Kioo na aluminiamu tupu, bila ubao wa nyuma. Ndani weka vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, uwe unavibadilisha. Wenye unga watenge na wazima.

Rangi usiguse. Mkusanyaji anataka rangi ya kiwandani hata kama imechubuka. Ukipaka upya umefuta alichofanya yule mama wa London aliyekaa na brashi, na thamani inaanguka hapo hapo.

Sasa na mimi nikuulize. Seti ya kawaida ya Britain ya askari wa miguu ilikuwa na 8, wapanda farasi 5. Wewe unao 7. Wa nane yuko wapi?

Mkonge Mwitu
Ahsante sana Bwana Tarabushi, nimejifunza. Wa nane yupo, ila hayumo kisandukuni. Tubaki kwenye kabati: fundi nimeshampa advansi na MDF imeshakatwa. Nikiipaka vanishi nzito ndani na nje haitazuia huo mvuke?

Bwana Tarabushi
Inapunguza, haizuii. Na vanishi mbichi nayo inatoa mvuke wake.

Mjukuu wa Koplo
Mmenikumbusha mbali. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, akapelekwa Burma kwenye ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. 1944 walipita bonde la Kabaw wakati wa mvua za monsuni mpaka mto Chindwin. Alikuwa anatuhadithia matope yanafika magotini na nyumbu wa mizigo wanazama. Alirudi na medali na koti moja, basi. Mleta mada, hao wapange vizuri. Watoto wetu wanaiona Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, kila siku, imesimama tangu 1927, na hawajui yule ni nani.

Nairobi Mashariki
Hapa kwetu ziko tatu pale Kenyatta Avenue, askari, mpagazi na mwenye bunduki wa Kiarabu. Watu huzitumia tu kama mahali pa kukutania. Seti ya wapagazi ingekuwa kitu cha maana sana. Wapagazi ndio walikufa wengi zaidi katika ile vita ya kwanza.

Nesi wa Zamu
Samahani nirudi nyuma. Mleta mada, maswali mawili. Huo unga unausugulia wapi? Na huyo askari wa nane yuko kwa nani?

Mkonge Mwitu
Nasugulia ndani, usiku, nikishatoka kazini. Sioni kama inahusiana na kabati.

Nesi wa Zamu
Inahusiana. Ndani wapi? Kuna mtoto hapo nyumbani?

Mkonge Mwitu
Sawa, niseme yote. Nina mtoto wa mwaka na nusu. Chumba ni kimoja na sebule, hivyo kisanduku kinakaa chini ya kitanda na meza yangu ya kazi iko pembeni ya kitanda. Huyo wa nane anaye mtoto. Alikuwa analia meno yanaota, akamdaka mwenyewe mezani, akanyamaza, tukamwachia. Tarabushi imetoka rangi na begani kuna alama za meno.

Lakini wakuu, mimi nimecheza na askari hawa hawa tangu natambaa na nimesoma mpaka chuo. Mzee alifariki na umri mkubwa. Tena kabati likija lina kufuli, mtoto hatawafikia. Ndiyo maana naharakisha hilo la MDF.

Nesi wa Zamu
Kaka, mnyang'anye sasa hivi, usisubiri kabati. Risasi haina kiwango salama kwa mtoto. Mwili wake unainyonya kuliko wa mtu mzima, inakaa kwenye mifupa, inagusa ubongo unaokua. Anaweza asioneshe chochote, halafu shuleni mnashangaa mbona hashiki. Wengine wanaishiwa damu au wanaumwa tumbo na kufunga choo. Na huo unga unaousugua ni mbaya kuliko kumnyonya askari, maana uko sakafuni anakotambaa, uko kwenye shuka na kwenye mikono yako unayomlishia.

Usifagie sakafu kavu, piga deki kwa kitambaa kibichi na sabuni, kitambaa kitupe. Fua shuka. Mwoshe mikono kabla ya kila mlo. Mpe dagaa, maharage, maziwa. Mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu ananyonya risasi zaidi. Kisha mpeleke hospitali ya mkoa, umweleze daktari hivi ulivyotueleza, wakuelekeze kinakopatikana kipimo cha risasi kwenye damu. Na mama yake kama ananyonyesha naye aseme.

Mama Wawili
Uuuwi. Mwenyezi Mungu amlinde huyo malaika. Kaka, nilivyosema vipaumbele uliniona mbaya.

Chonga Pembe
Wakuu mnalishwa chai. Akaunti ya juzi, picha hakuna hata moja. Kasema askari ni wa 1893 na ni wa Keya. Keya imeundwa 1902, hao wa 1893 walikuwa jeshi gani? Leo mtoto anaumwa meno, kesho mtaona "anayehitaji seti aje PM". Hili tangazo.

Kijana wa Ngamiani
Eeh, hata mimi nilishtuka. Karani wa mkonge na kasri la London wapi na wapi. Leta picha mkuu.

Mjukuu wa Koplo
Na kama ni chai, huyo nesi kapoteza muda wake bure. Mtu aliyekaa Tanga asijue fundi wa vioo?

Bwana Tarabushi
Someni vizuri. Kasema kampuni ilianza kutengeneza askari wa uwazi 1893, na ni kweli. Walimimina risasi ya moto kwenye kalibu, wakaimwaga kabla haijaganda katikati, askari akatoka mwepesi na wa bei nafuu kuliko wale wa Kijerumani waliojaa ndani. Waliendelea na risasi mpaka 1966. Wa Keya walitoka baada ya Vita ya Kwanza.

Kumjua mkweli ni rahisi. Mleta mada, kama lebo ya kisanduku bado ipo, soma namba ya seti. Usigugo.

Mkonge Mwitu
Lebo imeliwa na mende upande mmoja. Namba inasomeka: 225.

Bwana Tarabushi
Ndiyo yenyewe. 225 ni King's African Rifles. Kwangu mimi hiyo inatosha.

Chonga Pembe
Namba hata gugo ipo. Picha ya chini ya vitako tuone maandishi.

Nesi wa Zamu
Chai au si chai, kuna mtu anasoma hapa ana askari kama hao na mtoto ndani, nimemwandikia huyo pia. Mleta mada, mmeenda?

Mkonge Mwitu
Nilimnyang'anya usiku ule ule, kalia mpaka saa nane. Tumepiga deki na mama yake kafua kila kitu. Askari wote wa risasi wako stoo ya nje kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Hospitali tunaenda kesho asubuhi.

Kabati la MDF nalichukua, wakuu mnisamehe, hela ya mtu imeshaingia. Nitaweka wale wa plastiki ambao Britain waliwatengeneza baadaye, ninao kidogo. Wa Keya nitawatafutia shokesi ya aluminiamu mshahara ukitoka, na rangi sitawagusa.

Bwana Tarabushi
Plastiki na MDF hawagombani. Hiyo ndoo weka kile kifuko cha kunyonya unyevu, na usiifungulie ndani ya nyumba.

Chonga Pembe
Picha bado.