Nimeondolewa polipu za utumbo mpana: ni virutubisho gani vinavyozuia zisiote tena? Naomba ushauri

NjiaPanda (mwanzisha uzi):
Wakuu, salaam. Nilifanyiwa kipimo cha kamera ya utumbo mpana nikaondolewa polipu, yaani vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo, na tangu hapo sijapata utulivu wa moyo. Niliambiwa kwamba zilikuwa za aina ya adenoma, yaani zile ambazo baadhi yake, zikiachwa kwa miaka mingi, huweza kugeuka kuwa saratani. Nimesoma mengi kuhusu kalsiamu, vitamini D, asidi ya foliki, seleniamu na vitamini C, na kila ninaposoma ninazidi kuchanganyikiwa. Swali langu ni moja tu: kwa mtu aliyekwisha kuondolewa polipu, ni vidonge gani vinavyozuia nyingine zisiote, na vinywewe kwa kiasi gani? Naomba mnijibu bila kunitisha, kwa maana vitisho vya nyumbani vinanitosha.

Mzee_Kipara:
Kijana wangu, kizazi hiki kinataka kila kitu kipatikane ndani ya chupa yenye kifuniko. Punguza nyama nyekundu na zile za kusindikwa, acha pombe na sigara, punguza kitambi, tembea kwa miguu. Hayo ndiyo ninayoyajua, na yanahusiana na utumbo moja kwa moja. Kuhusu vidonge sikujibu, kwa sababu sioni kama lilikuwa swali la kuulizwa.

MamaWawili:
Pole sana ndugu yangu. Mimi niliandikiwa kalsiamu na vitamini D kwa ajili ya mifupa, na ninachokumbuka zaidi ni kufunga choo, hali iliyonisumbua kuliko mifupa yenyewe. Nilianza kuvimeza pamoja na chakula na maji mengi, nikapata nafuu kidogo. Dada yangu naye alikuwa akitumia vitamini za kila rangi, akavimeza asubuhi bila kula kitu, akatapika mbele ya wakwe. Najua hukuuliza habari za wakwe, lakini kichefuchefu kile hakisahauliki.

Mfamasia_Mstaafu:
Mkuu, kabla mtu hajakutajia kidonge chochote, jibu mambo matatu. Polipu zilikuwa ngapi? Kubwa kuliko zote ilikuwa na milimita ngapi? Na uliambiwa urudi lini kwa kipimo kingine? Majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko orodha yote uliyoiandika.

NjiaPanda:
Nashukuru, ila zilikuwa chache na zote zilitolewa, kwa hiyo sioni idadi inatusaidia nini sasa. Kalsiamu nimekwisha kuianza, na sikuianza kwa kubahatisha: nimesoma kwamba hunasa asidi za nyongo na za mafuta ndani ya utumbo, zikashindwa kuuchubua ukuta wake. Ninachotaka kujua ni kama niongeze na vitamini D.

KichekoTu:
Mkuu, umeulizwa maswali matatu ukajibu la nne. Ukiamua kugombea ubunge utuarifu mapema.

Mfamasia_Mstaafu:
Nitaanza na kalsiamu ili usiseme nimekukwepa. Mwaka 1999 kulichapishwa jaribio la Marekani la watu waliowahi kuondolewa adenoma, ambapo kundi moja lilipewa miligramu 1,200 za kalsiamu kila siku. Adenoma mpya zilionekana kwa asilimia 31 ya waliotumia kalsiamu, na kwa asilimia 38 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Tofauti ilikuwepo, ila ilikuwa ndogo, na utaona kwamba hata katika kundi lililofaidika karibu mtu mmoja kati ya watatu aliota nyingine. Mwaka 2015 matokeo ya jaribio kubwa zaidi, lenye washiriki 2,259, yalipotoka, si kalsiamu wala vitamini D ya uniti 1,000 iliyopunguza adenoma kwa kiasi cha kutegemewa, iwe kila kimoja peke yake au vyote kwa pamoja. Watu hao waliendelea kufuatiliwa, na ripoti ya mwaka 2018 ikaonyesha kwamba waliotumia kalsiamu waliota zaidi polipu za aina nyingine, zile zenye kingo kama meno ya msumeno, miaka kadhaa baadaye. Sasa rudi kwenye maswali yangu.

NjiaPanda:
Sawa, nimeitoa karatasi ya majibu kwenye droo. Zilikuwa nne, na kubwa ilikuwa ya milimita 12. Chini imeandikwa kwamba nirudi baada ya miaka mitatu. Muda huo umekwisha kupita. Sikwenda, na sitaki mnihukumu kwa hilo, kwa sababu ile dawa ya kusafisha tumbo ilinitesa usiku kucha, na kazi yangu hainiruhusu kutoweka hivi hivi. Ndiyo maana nikafikiri kwamba vidonge vikiweza kuzuia, kipimo kinaweza kusubiri.

Mzee_Kipara:
Sasa tumefika kwenye kiini. Ulikuwa huombi ushauri, ulikuwa unaomba ruhusa.

Mfamasia_Mstaafu:
Mzee, mwache kwanza, maana amesema ukweli. Mkuu, polipu ya milimita 10 au zaidi ndiyo inayoleta hilo agizo la miaka mitatu. Mwenye moja au mbili ndogo za kawaida huweza kuambiwa arudi hata baada ya miaka saba hadi kumi. Kwa hiyo miaka mitatu haikuandikwa kwa mazoea. Hakuna kidonge katika ulivyovitaja kilichowahi kuonyesha kinga inayokaribia ile ya kuziona polipu na kuzikata. Asidi ya foliki ilijaribiwa kwa miligramu 1 kwa siku, na matokeo ya mwaka 2007 hayakuonyesha faida. Tena, ufuatiliaji ulipoendelea, waliotumia ndio waliopatikana zaidi na adenoma tatu au kuzidi. Beta-karotini na vitamini C na E zilishindwa tangu mwaka 1994. Baadaye data za jaribio hilo hilo zilipochambuliwa upya, ilionekana kwamba kwa wanaovuta sigara na kunywa pombe, beta-karotini iliongeza hatari ya polipu kurudi badala ya kuipunguza. Seleniamu nayo haikuzuia adenoma.

Mpekuzi:
Samahani wadau, mimi uzi huu siuamini. Mtu anadai amechanganyikiwa, lakini anaeleza kalsiamu inavyonasa asidi za nyongo. Anazo milimita, anayo karatasi, anajua majina ya vidonge vyote, ila hajui kwamba anatakiwa kurudi hospitali? Nimewahi kuona nyuzi za namna hii: kwanza huja mgonjwa mwenye huzuni, kisha baada ya siku chache hujitokeza mtu mwingine aliyepona kwa mchanganyiko fulani, na hatimaye namba ya simu. Nasubiri namba ya simu.

KichekoTu:
Na Mfamasia ndiye atakayeitoa, baada ya kutuponda vidonge vyote isipokuwa chake.

Mfamasia_Mstaafu:
Sina cha kuuza. Nikiwa na namba ya kutoa, itakuwa ya mahali pa kupangiwa kipimo.

NjiaPanda:
Mpekuzi, umeniumiza. Siuzi kitu, mimi ndiye ninayeuziwa. Ukitaka uthibitisho, hivi ndivyo vilivyomo kwenye kile kiboksi changu chenye vyumba vya siku za wiki: kalsiamu miligramu 1,200 nikiigawa mara mbili, vitamini C miligramu 1,000, asidi ya foliki, seleniamu, na kidonge cha chuma ambacho niliongezewa baada ya kuonekana damu yangu iko chini. Mtunzi wa hadithi asingehangaika hivyo. Zaidi ya hayo, nilipima choo nyumbani kwa kile kikadi cha kupaka, kuangalia damu iliyojificha, na hakikuonyesha chochote, kwa hiyo si kweli kwamba nimekaa bila kujichunguza.

Mfamasia_Mstaafu:
Subiri. Damu yako iko chini?

NjiaPanda:
Kidogo tu. Niliambiwa ni upungufu wa madini ya chuma, nikadhani ni uchovu na kutokula vizuri.

Mfamasia_Mstaafu:
Mkuu, mtu mzima mwenye historia ya adenoma kubwa akikutwa na upungufu wa chuma, jambo la kwanza kuulizwa ni kama utumbo unavuja damu polepole, hata asipoiona kwa macho. Hilo halimaanishi kwamba una saratani, maana zipo sababu nyingine nyingi. Lakini ni sababu ya kutosubiri tena. Kuhusu kile kikadi, kama ni kile cha kizamani kinachobadilika rangi kwa kemikali, vitamini C inayozidi miligramu 250 kwa siku huweza kukifanya kisionyeshe damu ilhali ipo. Wewe unameza mara nne ya kiasi hicho. Na hata kingekuwa cha aina mpya isiyoathiriwa na vitamini C, kwa hali yako kisingechukua nafasi ya kamera.

Mpekuzi:
Naondoa suala la namba ya simu. Mengine ninayashikilia, lakini kama ni kweli, nenda.

MamaWawili:
Ndugu yangu, hiyo dawa ya kusafisha tumbo siku hizi wengi huigawa, nusu jioni na nusu alfajiri ya siku ya kipimo, na tumbo husafika vizuri zaidi. Uliza kama nawe unaweza kuipata kwa mpango huo. Ipoze kwenye friji na uinywe kwa mrija. Mimi nilijipaka mafuta ya mgando huko nyuma mapema, kabla ngozi haijaanza kuwasha, na nisingependa kueleza zaidi mbele ya Mzee.

NjiaPanda:
Nimepiga simu, nimepangiwa wiki mbili zijazo. Wameniambia niache chuma siku saba kabla, kwa sababu hufanya choo kuwa cheusi na kuganda kwenye ukuta wa utumbo hata kamera isione vizuri. Asidi ya foliki na seleniamu nimevitoa kwenye kiboksi. Kalsiamu nitaendelea nayo hadi daktari mwenyewe aniambie niache, na hapo naomba msinibishie.

Mfamasia_Mstaafu:
Sikubishii. Nenda na kiboksi chenyewe, usitegemee kumbukumbu, na jambo la kwanza kumwambia ni kwamba damu yako iko chini, kabla hujataja kalsiamu.