Kuingia kwenye kazi za mitambo ya hafla Uingereza: nianzie wapi?

Kutoka: Binti wa Tanga, Coventry

Shikamooni wakubwa, na wenzangu poleni na baridi.

Nipo hapa nasoma shahada ya uzamili, nimekuja Septemba. Nyumbani nilikuwa Dar nafanya kazi na watu wa mitambo: harusi, sendofu, makongamano ya hotelini, na tangu korona tukawa tunarusha laivu. Mikseri naijua, kamera naijua, OBS, ile programu ya kurusha laivu, naitumia kila siku. Nataka hii iwe kazi yangu hapa hata baada ya masomo, nisiishie kufungasha mizigo usiku kwenye maghala.

Kuna mtu kanitumia ujumbe WhatsApp: kampuni inatafuta vijana wa kufunga na kufungua jukwaa wikiendi hii, Jumamosi na Jumapili, kazi ya muda wa saa 12 kila siku, malipo kwa ankara. Nikubali? Na je, nianze kununua vifaa vyangu kidogo kidogo?

---

Kutoka: Mzee wa Mitambo, Birmingham

Marhaba mdogo wangu, karibu sana.

Hiyo ya wikiendi usiikubali. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri, na anayelipwa kwa ankara amejiajiri, hata kama kazi ni kubeba makasha siku mbili tu. Halafu ruhusa yako ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Saa 12 mara mbili ni 24, umeshavuka. Na kiangazi kisikudanganye: kwa wengi wa uzamili, miezi ya kuandika tasnifu bado ni muhula. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa hapo chuoni wakupe tarehe zako kwa maandishi. Aliyekutumia ujumbe hatapoteza kitu. Atakayeulizwa na Home Office, wizara inayosimamia viza, ni wewe.

Ulicho nacho sasa ni kuajiriwa kwa saa chache, upewe hati ya mshahara na kodi ikatwe huko huko. Anzia chuoni kwako: ulizia idara ya sauti na picha inayohudumia kumbi za mihadhara na mahafali, na ukumbi wa chama cha wanafunzi. Kumbi za tamthilia mjini nazo huwa na mafundi wa zamu. Ukimaliza masomo, viza ya Graduate inaruhusu kujiajiri, na hapo ndipo ankara zitakapoanza.

Sasa kazi yenyewe. Najua umesema hutaki maghala, lakini nakuomba ulifikirie ghala la kampuni ya kukodisha mitambo. Wengi wetu tunaofanya kazi NEC, kituo kikubwa cha maonyesho cha hapa Birmingham, na kwenye kumbi nyingine tulipitia huko. Vifaa vinarudi usiku kutoka kazini, unavipima kimoja kimoja, unabandua tepu, unapanga mzigo wa kesho. Baada ya miezi michache unajua kila kasha lina nini na kila plagi inaingia wapi: ya bluu ni fezi moja, nyekundu ni fezi tatu, ampea 16, 32, 63, 125. Kijana wa ghalani akipandishwa kwenda kazini haulizi maswali, na wakubwa wanaliona hilo siku ya kwanza.

Jambo la kwanza utakalotazamwa ni jinsi unavyokunja kebo. Usiizungushe kwenye kiwiko. Shika mwisho mmoja kwa mkono wa kushoto, duara la kwanza liweke kawaida, la pili ligeuze kifundo cha mkono liingie kwa chini, la tatu kawaida, la nne kwa chini, hivyo hivyo hadi mwisho. Kebo iliyokunjwa hivyo ukiirusha inafunguka yote bila kujisokota, na nyaya za ndani hazikatiki. Fanya mazoezi chumbani kwako mpaka mikono iende yenyewe. Nimeona watu wenye vyeti vikubwa wakirudishwa kusukuma makasha kwa sababu ya hili tu.

Vyeti vinavyofungua milango ni vya usalama: IPAF kwa mashine za kupandisha watu juu, PASMA kwa minara ya muda ya kusimama juu yake ukifanya kazi. Ghali kidogo, lakini kampuni nyingine hulipia watu wake. Cha bure ni cha Dante, teknolojia ya kampuni ya Audinate ya kupeleka sauti kwa kebo za mtandao wa kompyuta; mafunzo yake yako mtandaoni. Kumbi nyingi kubwa hapa zinaitumia, na wewe unayetoka kwenye OBS hutapata shida. Ukipenda taa, grandMA3 onPC, programu ya kuendesha taa za jukwaa, inapakuliwa bure.

Na masikio yako, mdogo wangu. Sheria ya kelele kazini ya mwaka 2005 inamtaka mwajiri ahakikishe umevaa kinga kelele ikifika desibeli 85 kwa wastani wa siku. Usingoje kuambiwa. Nina wenzangu wa rika langu ambao hawasikii tena simu ikiita.

---

Kutoka: Baba Nasra, Leicester

Nakubaliana na mengi ya mzee, ila kuhusu vifaa nasema tofauti. Jumuiya zetu zina harusi kila wikiendi ya kiangazi, na watu wanalipa. Akishapata ruhusa ya kujiajiri, anunue spika mbili, mikseri na kamera mbili, awe na biashara yake. Kwa nini amtumikie mtu miaka?

---

Kutoka: Mzee wa Mitambo, Birmingham

Baba Nasra, harusi zipo kweli, sibishi. Lakini kumbi nyingi za hapa hazikufungulii mlango mpaka uoneshe bima ya madhara kwa umma, na nyingi zinataka ya pauni milioni 5, vifaa viwe na kibandiko cha kupimwa umeme, na uandike karatasi ya tathmini ya hatari. Akodi vifaa kwa siku, mteja alipie, anunue baadaye akijua kipi kinatoka kila wiki.

Na umeme wenyewe. Plagi ya kawaida hapa ina fyuzi ya ampea 13, kama wati 3,000, na birika kubwa la chai jikoni peke yake linaweza kula zote hizo. Soketi za jikoni na za ukumbini wakati mwingine ziko saketi moja. Bibi harusi anaingia, akina mama wanawasha birika, muziki unazima. Ukifika ukumbini, kabla hujashusha spika, tafuta ubao wa umeme ujue kipi kinalishwa na kipi.

---

Kutoka: Mama wa Reading

Mwanangu wa Tanga, mimi niko upande wa mtandaoni, niongeze machache.

Watu wanasema kazi hizi ziliisha na korona. Siyo. Zilizobaki ni ngumu zaidi, kwa sababu sasa nusu ya watu wako ukumbini na nusu wako kwenye Zoom, na wote wanataka kuulizana maswali. Ukitaka kuajirika haraka, jifunze kitu kimoja kwa undani: sauti ya kurudi. Mgeni aliye mbali lazima asikie ukumbi wote isipokuwa sauti yake mwenyewe. Ukimrudishia yake anajisikia kwa mwangwi, anaanza kukwama, anavua vifaa vya masikioni, na mazungumzo yamekufa. Kwenye mikseri unamtengea njia ya pekee, unapandisha maiki zote na video, na chaneli yake unaiacha sifuri. Wageni watatu, njia tatu. Fundi anayepanga hivi bila kuombwa ninamwita tena. Wanaojua kubofya vitufe vya programu ni wengi mno.

OBS ni nzuri, endelea nayo, ila maofisini utakutana zaidi na vMix, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, ambayo ni ya Windows tu na ina majaribio ya siku 60 bure. Ipakue wakati una muda wa kuichezea, siku zisipotee.

Kuhusu intaneti: usiamini waifai ya ukumbi, omba soketi ya kebo. Pima kasi ya kupandisha saa ile ile hafla itakapofanyika. Picha ya 1080p ukiirusha kwa megabiti 5 kwa sekunde, uwe na angalau 10. Laini ya simu ya mtandao mwingine iwe tayari pembeni.

Hapa kwetu kuna kazi moja ambayo inaniuma ikiharibika, nayo ni kurusha msiba. Mama yuko Moshi, mwanawe anazikwa Reading, na simu ni macho yake pekee. Chaneli mpya ya YouTube inaweza kuchukua hadi saa 24 kabla haijaruhusiwa kurusha, kwa hiyo ifungueni siku familia inapokaa kikao, msingoje asubuhi ya maziko. Sauti ichukuliwe kwenye mikseri ya kanisa au msikiti, si kwa maiki ya simu iliyoko nyuma ya ukumbi. Nyimbo za rekodi zinaweza kusababisha matangazo kukatwa kwa sababu ya hakimiliki. Zipigwe kabla au baada ya kurusha. Na kwenye tangazo andikeni saa ya nyumbani: saa nane mchana ya hapa ni saa kumi na moja jioni Moshi wakati wa baridi, saa kumi wakati wa kiangazi.

---

Kutoka: Binti wa Tanga, Coventry

Asanteni sana, nimeshamwandikia yule mtu kuwa sitaweza. Kesho naenda ofisi ya kimataifa, na idara ya sauti na picha nimeona wana tangazo. Swali moja la mwisho: wakati nasubiri, kuna kingine cha kuanza kufanya?

---

Kutoka: Mzee wa Mitambo, Birmingham

Leseni ya udereva. Kazi zetu zinaisha saa nane usiku na treni hakuna, na anayeweza kuendesha vani anaitwa kabla ya asiyeweza. Ya Tanzania unaitumia miezi 12 tu tangu uanze kuishi hapa, na haibadilishwi moja kwa moja. Utafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani kama wengine, na foleni ya kusubiri tarehe ya mtihani wa barabarani ni ndefu, kwa hiyo omba leseni ya muda ya mwanafunzi wa udereva sasa hivi. Leseni ya kundi B, ile ya gari la kawaida, inatosha kwa vani za hadi kilo 3,500. Ukiwa chini ya miaka 25, uliza kwanza bima ya kampuni inakukubali au la.