"Kibali" au "taarifa"? Neno moja linavyotuponza

Mleta mada:
Wakuu, naomba tujadili neno moja tu: kibali. Juzi kwenye daladala abiria wawili walikuwa wanabishana kama chama fulani kimepewa kibali cha mkutano wa hadhara. Gari zima tukasikiliza mpaka mwisho wa ruti, na hakuna aliyeuliza kama kibali chenyewe kinatakiwa.

Hakitakiwi. Sheria ya Jeshi la Polisi hapa Tanzania, kifungu cha 43, inataka taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Unawajulisha polisi, huwaombi. Wanaweza kuzuia, ndiyo, lakini wawe na sababu inayotambuliwa na sheria.

Zamani kibali kilikuwa lazima. Mchungaji Christopher Mtikila akaenda Mahakama Kuu Dodoma, na mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akaamua kwamba sharti hilo linavunja haki ya kukusanyika iliyomo kwenye Katiba, ibara ya 20. Sheria ikabadilishwa. Midomo yetu ikabaki na kibali chake.

Ndiyo maana mwaka 2016 mikutano ilipozuiwa, hoja ilipita kirahisi: uchaguzi umekwisha, siasa zisubiri 2020, hapa kazi tu. Nani atasimama apinge kazi? Halafu Januari 3, 2023 Rais Samia alipoondoa zuio, sote tukasema "ameruhusu". Hata mimi nilisema, tena kwa furaha. Lakini mtu akikuruhusu kitu, maana yake ni chake, na kesho anaweza kukichukua.

Je, ile ilikuwa hatua mbele, au tulishangilia kurudishiwa mali yetu kwa mkopo?

Mzee wa Kijiweni:
Kijana, unacheza na maneno. Mimi nimekua nikikariri ahadi za TANU, "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja". Ziko wapi ahadi nzuri kuliko hizo? Na mwaka 1962, uhuru haujatimiza hata miaka miwili, ikatungwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi. Haki za binadamu ziliingia kwenye Katiba 1984, na hukuweza kuzidai mahakamani hadi 1988. Miaka yote hiyo hotuba zilikuwa tamu kama halua.

Nipe jukwaa na kipaza sauti. Ukiniambia nimepewa, nimeazimwa au nimerudishiwa, mimi nahutubia tu.

Binti Wakili:
Shikamoo mzee. Nakupinga kwa heshima zote.

Tume ya Jaji Nyalali, iliyowauliza wananchi kama tubaki na chama kimoja au tuwe na vyama vingi, mwaka 1991 ilikuta kama asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee. Kwa hesabu za kura tungebaki pale pale. Kilichotuvusha 1992 kwenda vyama vingi ni hoja, kwamba wale asilimia 20 nao ni wananchi na hawawezi kupuuzwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa ameng'atuka, na bado alitumia ulimi wake kuwashawishi wenzake ndani ya CCM. Hayo nayo ni maneno, mzee.

Ila tume hiyo hiyo iliorodhesha sheria 40 za kurekebishwa au kufutwa, na kwa hizo hatukupata msemaji wa namna ile. Badala yake tukapata "amani na utulivu". Nimefuatilia mazuio mengi kazini kwangu. Sijawahi kuona hata moja lililokuja bila kuvaa kanzu ya amani. Na anayehoji anaitwa mchochezi kabla hajamaliza sentensi.

Mzee wa Kijiweni:
Marahaba mwanangu. Kwa Nyalali umenishika. Kwa amani hapana, ninyi hamjaona nchi jirani zikiungua.

Mleta mada:
Mzee, nakupa nusu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa na Dar tukatangaziwa tusitoke nje kuanzia saa kumi na mbili jioni. Siku kama ile hakuna kifungu cha sheria kitakachokukinga ukiwa barabarani, na hilo silibishii.

Lakini sikiliza tulichokuwa tunaulizana mtaani kwetu kwa siku zote zile: "Watafungua lini?" Sikusikia mtu, hata mimi mwenyewe, akiuliza wamefunga kwa sheria ipi.

Binti, wewe ndiye mwenye vitabu. Kifungu kipo? Kiweke hapa tukisome wote.