Naomba ushauri: neno "kumbukumbu" limenikwamisha kwenye tasnifu ya filamu za Hispania

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Ninaandika tasnifu ya uzamili kwa Kiswahili kuhusu filamu na kumbukumbu za udikteta wa Franco nchini Hispania. Nimeegemea vitu viwili. Kuna NO-DO, filamu fupi za habari za serikali zilizoanza Januari 1943, ambazo kumbi za sinema zililazimishwa kuzionyesha. Halafu kuna filamu ya El espíritu de la colmena ya mwongozaji Víctor Erice (1973), iliyotoka Franco akiwa bado hai. Ule ukimya wa baba na mama ndani ya nyumba moja umenishika sana. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Hispania haielezwi, lakini unaihisi.

Nimekwama kwenye neno. Wahispania wana memoria na archivo. Neno letu "kumbukumbu" linabeba vyote: anachokikumbuka mtu, na jalada lililo kabatini. Sasa NO-DO ni jalada la serikali, si anachokikumbuka mwananchi, na hoja yangu yote imesimama hapo. Nimejaribu "ukumbusho", likanipeleka kwenye minara na sherehe. "Nyaraka" naona linafaa karatasi kuliko picha za filamu. Kamusi nilizonazo hazijanisaidia.

Mngetumia maneno gani mawili kutenganisha maana hizo? Na aliyewahi kuchambua filamu iliyotengenezwa chini ya udhibiti wa serikali, ulithibitishaje kwamba ukimya wake ni wa makusudi?

Natanguliza shukrani.